MJI MDOGO ULIOAMSHWA NA NGOMA: SOMO LA TURATHI KUTOKA LEXINGTON

Wahenga walisema asiyejua alikotoka hajui aendako. Msemo huu tumeuandika kwenye insha zetu mara nyingi hata umekuwa kama wimbo wa kulalia. Leo nataka tuuchukue msemo huo, tuuweke juu ya meza na kuuchunguza kwa mfano wa mji mmoja mdogo ulioko mbali sana na hapa. Lakini kabla ya kufika huko, tuanze na jambo ambalo kila Mkenya analijua: mbio.

Nani kati yetu hajasikia habari za marathoni ya Boston kule Marekani? Mwaka wa 1988 Ibrahim Hussein alishinda mbio hizo, akawa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Cosmas Ndeti naye akazishinda mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Kisha akaja Catherine Ndereba, ambaye alizishinda mara nne kati ya mwaka wa 2000 na 2005. Wazee wetu walikesha wakisikiliza redio, na sisi tukazaliwa tukikuta ni jambo la kawaida Mkenya kuvishwa taji la majani kule Boston.

Sasa hebu nikuulize swali. Marathoni ya London hukimbiwa Jumapili. Ya New York pia Jumapili. Mbona ya Boston hukimbiwa Jumatatu? Je, watu wa kule hawaendi kazini?

Jibu ni kwamba siku hiyo ni sikukuu. Huitwa Siku ya Wazalendo, nayo huadhimishwa Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Aprili katika jimbo la Massachusetts na majimbo mengine machache. Mbio zenyewe zilianzishwa tarehe 19 Aprili 1897 ili kuipamba sikukuu hiyo. Kumbe basi, kila mara mwanariadha wetu anapokata utepe Boston, anakimbia katika kumbukumbu ya jambo lililotokea katika mji mdogo uitwao Lexington, kilomita zipatazo 18 hivi kutoka Boston. Jambo gani hilo? Keti vizuri nikusimulie.

MJI WENYEWE

Lexington si mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ilionyesha kuwa una wakazi wapatao 34,000. Mwaka wa 1775, wakati wa kisa chetu, watu wake hawakufika hata elfu moja. Ulikuwa mji wa wakulima, wenye kanisa, nyumba za mbao, mashamba, ng'ombe na uwanja wa nyasi katikati. Hapo zamani ulikuwa sehemu ya mji wa Cambridge, na mwaka wa 1713 ndipo ulipopata kujitawala kama mji.

Wenye nyumba hizo za mbao walikuwa walowezi, yaani watu waliotoka Uingereza au ambao babu zao walitoka huko. Neno hili "walowezi" tulishike vizuri kwa sababu litatusaidia mbele. Sisi tukisikia mlowezi, tunafikiria yule bwana wa shamba kubwa katika nyanda za juu wakati wa ukoloni. Katika kisa hiki walowezi ndio wanaoasi! Wanamwasi mfalme wa kwao wenyewe. Na kabla yao ardhi ile ilikuwa na wenyewe, wenyeji wa asili, ambao walisukumwa wakabanwa hadi wakabaki wachache. Kwa hiyo msomaji, usiharakishe kuamua nani mwema na nani mbaya. Historia si sinema.

CHANZO CHA UGOMVI

Ugomvi ulianza na pesa, kama ilivyo kawaida ya ugomvi mwingi. Uingereza ilikuwa imepigana vita virefu na Ufaransa, na vilipokwisha mwaka wa 1763 serikali ya London ilikuwa na deni zito. Ikaamua kwamba makoloni ya Marekani nayo yachangie. Mwaka wa 1765 ikaletwa sheria ya stempu: kila karatasi ya kisheria, gazeti, hata karata za kuchezea, zililipiwa kodi. Walowezi wakauliza, "Tutalipaje kodi iliyopitishwa na Bunge ambalo sisi hatuna mjumbe hata mmoja ndani yake?"

Swali hilo si geni kwetu. Babu zetu walitozwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa na serikali ambayo hawakuichagua. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kenya anaelewa kisa hiki upesi kuliko anavyodhani.

Basi sheria ya stempu ikafutwa, lakini kodi nyingine zikaja. Mwishowe ikabaki kodi ya chai. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walipanda merini wakayatupa baharini makasha 342 ya chai. Sisi tunaopenda chai ya saa nne tutaona ni dhambi kubwa, lakini kwao chai ile ilikuwa na ladha ya utumwa. Serikali ikakasirika, ikaifunga bandari ya Boston mwaka wa 1774, ikaleta wanajeshi zaidi na gavana mwanajeshi. Vijiji vya jirani navyo vikaanza kukusanya baruti na kufanya gwaride.

ALFAJIRI YA TAREHE 19 APRILI 1775

Usiku wa kuamkia tarehe hiyo, wanajeshi wapatao 700 wa Mfalme waliondoka Boston kimyakimya. Kwa sababu ya mavazi yao, waliitwa makoti mekundu. Shabaha yao ilikuwa mji wa Concord, ambako kulikuwa na silaha zilizofichwa. Lexington ilikuwa njiani tu.

Lakini siri ya watu wengi si siri. Wapanda farasi wawili, Paul Revere na William Dawes, walitumwa kwa njia mbili tofauti ili wakawaonye watu. Revere alifika Lexington yapata saa sita usiku, katika nyumba ya mchungaji Jonas Clarke. Humo walikuwa wamelala viongozi wawili wakubwa wa upinzani, Samuel Adams na John Hancock. Inasimuliwa kwamba mlinzi wa mlangoni alimwambia Revere asipige kelele, watu wamelala. Revere akamjibu kwamba kelele zitakuwepo za kutosha, maana wanajeshi wako njiani! Nadhani hata mwalimu wa zamu angenyamaza kwa jibu hilo.

Kengele ikalia. Wanaume wakatoka vitandani wakakusanyika uwanjani chini ya Kapteni John Parker. Huyu Parker alikuwa mkulima, mzee wa vita vya zamani, na wakati huo alikuwa anaugua kifua kikuu. Walisubiri gizani, baridi ikiwachoma, wasione mtu. Basi akawaruhusu waondoke, ila wasiende mbali. Ngoma ikipigwa, warudi. Wengi wakaingia katika nyumba ya wageni ya Buckman iliyo kando ya uwanja wakaota moto.

Kulipoanza kupambazuka, ngoma ikapigwa. Wanamgambo wapatao 77 walijipanga kwenye nyasi. Mbele yao wakatokea mamia ya makoti mekundu. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Hawa si askari wa kulipwa. Ni baba na wana, wajomba na mabinamu, watu wanaokaa benchi moja kanisani. Wake na watoto wao wanachungulia madirishani.

Ofisa wa Kiingereza aliwaamuru watupe silaha na kutawanyika. Parker, akiona hesabu haikubali, naye aliwaambia watu wake watawanyike. Wengine wakaanza kuondoka. Mara risasi ikalia. Nani aliyeipiga? Wanahistoria wamebishana kwa zaidi ya miaka 200, na kila upande uliapa kwamba si wake. Baada ya risasi hiyo moja zilifuata nyingi. Moshi ulipotulia, wanamgambo 8 walikuwa wamekufa na 10 wamejeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa mwanajeshi mmoja. Mmoja wa waliokufa, Jonathan Harrington, alikuwa na nyumba papo hapo kando ya uwanja. Mapokeo ya mji yanasema alijikokota hadi mlangoni kwake akafia pale.

Wanajeshi wakaendelea hadi Concord. Kule kwenye daraja la kaskazini walikuta wanamgambo mia kadhaa, na safari hii ni wao waliorudi nyuma. Njia nzima ya kurudi Boston walipigwa risasi kutoka nyuma ya kuta za mawe na miti. Jioni ilipofika Waingereza 73 walikuwa wamekufa, na walowezi 49. Vita vya mapinduzi vilikuwa vimeanza. Tarehe 4 Julai 1776 makoloni 13 yakatangaza uhuru, na mwaka wa 1783 mkataba wa amani ukatiwa sahihi. Kapteni Parker hakuyaona hayo. Kifua kikuu kilimwua Septemba ya mwaka ule ule wa 1775.

JINSI WANAVYOENZI URITHI WAO

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Vita vilitokea sehemu nyingi duniani, na miji mingi ina makaburi ya mashujaa. Je, Lexington imefanya nini hata jambo la dakika chache lisisahauliwe kwa karne mbili na nusu?

Kwanza, hawakuujenga uwanja ule. Nyasi ziko pale pale katikati ya mji, ingawa ardhi hiyo leo ni ya bei ghali mno. Mwaka wa 1799, wakati wajane na mayatima wa siku ile bado walikuwa hai, mji ulisimamisha mnara wa mawe. Mwaka wa 1835 mabaki ya watu saba wa Lexington waliouawa yalihamishwa kutoka makaburini yakazikwa karibu na mnara huo. Wa nane alikuwa mtu wa mji jirani. Mwaka wa 1900 ikawekwa sanamu ya mwanamgambo ameshika bunduki, akitazama njia waliyojia adui.

Pili, walihifadhi nyumba. Mwaka wa 1886 wenyeji waliunda chama chao cha historia. Muda si muda kikapata mtihani: ile nyumba ya mchungaji Clarke, ambamo Adams na Hancock walilala, ilikuwa hatarini kubomolewa. Mwaka wa 1896 chama kiliiokoa kwa kuihamisha, nyumba nzima, hadi ng'ambo ya barabara! Ikakaa huko hadi mwaka wa 1974 ilipohamishwa tena kurudi mahali pake pa asili. Leo nyumba hiyo, ile ya Buckman, na nyumba nyingine ya wageni ya Munroe, ambayo Waingereza waliitumia kutibu majeruhi wao, zote ni makumbusho.

Tatu, wanaigiza. Hapa ndipo wanachama wa drama mtafurahi. Kila mwaka katika Siku ya Wazalendo, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, wenyeji wa Lexington huigiza vita vile uwanjani. Si waigizaji wa sinema hao. Ni watu wa kawaida wa mjini, wenye kazi zao, ambao kila mmoja amechukua jina la mtu halisi aliyekuwepo na kujifunza maisha yake. Wengine huvaa makoti mekundu, maana bila adui hakuna mchezo. Ngoma hupigwa, bunduki hulia (hazina risasi, usiogope), watu huanguka, na wanawake hutoka mbio kuwatafuta wapenzi wao kwenye nyasi. Watazamaji hufika usiku wa manane wakiwa na blanketi na ngazi za kusimamia ili waone vizuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo Paul Revere huwa ameshafika tena kwa farasi katika nyumba ya Clarke. Mchezo ukiisha, watu huenda makanisani kula chapati za maji pamoja, na baadaye kukawa na gwaride.

Nne, waliiomba serikali iwape siku. Mwaka wa 1894 gavana wa Massachusetts alitangaza tarehe 19 Aprili kuwa Siku ya Wazalendo. Tangu 1969 imewekwa Jumatatu ya tatu. Mwaka wa 1959 serikali ya Marekani nayo ilianzisha hifadhi ya kihistoria inayolinda sehemu za barabara ile ya vita kati ya Lexington na Concord. Mwaka wa 2025 miji hiyo iliadhimisha miaka 250.

Ukitazama mambo haya manne utaona kwamba hakuna lililofanywa na mtu mmoja mkubwa. Uwanja, nyumba, mchezo na sikukuu vimetunzwa na watu wa mji wenyewe, kizazi baada ya kizazi. Haba na haba hujaza kibaba.

YULE AMBAYE JINA LAKE LILICHELEWA

Lakini sasa naomba tuache kupiga makofi kidogo.

Miongoni mwa wale waliosimama na Kapteni Parker alikuwemo mtu mmoja mweusi. Jina lake Prince Estabrook. Usidanganywe na hilo jina la Prince, ambalo maana yake ni mwana wa mfalme. Hakuwa hata na uhuru wa nafsi yake. Alikuwa mtumwa wa Benjamin Estabrook, mkazi wa Lexington. Asubuhi ile alipigwa risasi ya bega. Katika orodha ya majeruhi iliyochapishwa wakati ule jina lake lipo, na kando yake imeandikwa tu kwamba ni Mweusi.

Hebu tulifikirie jambo hili taratibu. Walowezi walikuwa wakilia kwamba Mfalme anataka kuwafanya watumwa kwa kodi ya chai. Pale pale kwenye mstari amesimama mtumwa wa kweli, asiye wa mafumbo, anayemwaga damu kwa ajili ya uhuru ambao yeye hatapewa jioni ile. Massachusetts ilikuwa imeuruhusu utumwa kisheria tangu mwaka wa 1641. Naye Estabrook hakuwa mtu mweusi pekee aliyepigana siku hiyo.

Estabrook alipona, akaendelea kutumikia jeshi katika miaka ya vita, na baadaye akawa huru. Je, utumwa katika jimbo lile uliishaje? Watumwa wenyewe waliuchukua ule usemi wa watu wote kuwa sawa wakaupeleka mahakamani! Mwaka wa 1781 mwanamke mmoja, Elizabeth Freeman, alishtaki akashinda. Kesi za Quock Walker zikafuata hadi 1783. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts. Kwa maoni yangu, kesi hizo ni sehemu ya mapinduzi sawa na risasi za uwanjani.

Lakini mnara wa 1799 una majina ya waliokufa tu, na kwa muda mrefu Estabrook alitajwa kwa nadra. Ilikuwa mwaka wa 2008 ndipo lilipowekwa jiwe la kumbukumbu lake mbele ya nyumba ya Buckman. Kutoka 1775 hadi 2008 ni miaka 233. Mji uliosifika kwa kumbukumbu nzuri ulichukua miaka yote hiyo kumwekea jiwe mmoja wa watu wake.

Nasema hivi si kwa kuwadharau. Nasema kwa sababu hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote: urithi hauhifadhiwi mara moja ukaisha. Kila kizazi lazima kiulize, "Tumemwacha nani nje?"

UWANJA UKAWA NA MABISHANO

Kuna kisa kingine. Mwishoni mwa Mei 1971, wakati Marekani ilipokuwa vitani Vietnam, kundi la wanajeshi waliorudi kutoka vita hivyo lilifika Lexington likitembea kwa miguu. Sasa walikuwa wanavipinga vita. Wakapiga kambi kwenye uwanja ule wa nyasi. Wakuu wa mji wakakataa, wakasema sheria za mji haziruhusu kulala pale. Wenyeji wengi wakatoka majumbani wakaungana na wanajeshi hao. Usiku ule zaidi ya watu 400 walikamatwa, wageni kwa wenyeji.

Nani alikuwa mzalendo usiku ule? Aliyelinda heshima ya uwanja, au aliyekaa juu yake kuipinga serikali yake kama Kapteni Parker? Swali hili nawaachia wanachama wa mdahalo. Mimi naona jambo moja tu: uwanja usio na maana hakuna anayekubali kukamatwa kwa ajili yake.

SISI JE?

Msomaji, huenda unasema, "Hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini?" Swali zuri. Mwiga tembo hupasuka msamba, na mimi sisemi tuige kila kitu. Walowezi wa Lexington si mashujaa wetu. Mashujaa wetu ni wengine: Koitalel arap Samoei aliyeuawa 1905, Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama 1913 na 1914, Dedan Kimathi aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na maelfu ambao majina yao hayamo vitabuni. Tunachoweza kuwaomba watu wa Lexington ni ujuzi wa kutunza kumbukumbu, si kumbukumbu zenyewe.

Nasi tumeanza. Siku ya tarehe 20 Oktoba, ambayo tangu Katiba ya 2010 inaitwa Siku ya Mashujaa, hapo awali iliitwa Siku ya Kenyatta. Kubadilisha jina hilo ni sawa na kuliweka lile jiwe la Estabrook: ni kukiri kwamba hakuwa mtu mmoja tu. Mji mdogo wa Kapenguria, ambako viongozi sita walihukumiwa baada ya kukamatwa mwaka wa 1952, una makumbusho yaliyofunguliwa 1993, na seli zenyewe unaweza kuingia ukaziona. Pia tukumbuke kwamba Mau Mau lilibaki kundi lililopigwa marufuku hata baada ya uhuru, hadi mwaka wa 2003. Miaka 40 ya uhuru wazee wetu walikuwa mashujaa midomoni na waasi vitabuni.

Lakini Kapenguria ni moja. Na mji wako? Kila soko la zamani lina mti ambapo chifu aliwakusanya watu kulipa kodi. Kuna majengo ya mabati na mawe ya enzi za mkoloni ambayo yanabomolewa leo ili pajengwe maduka, na hakuna aliyeyapiga hata picha. Kuna mahandaki yaliyochimbwa wakati wa hali ya hatari ambayo sasa ni mashimo ya takataka. Na kuna wazee. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952 sasa ana zaidi ya miaka themanini. Nyumba ya mbao inaweza kuhamishwa ng'ambo ya barabara ikarudishwa baada ya miaka 78. Mzee akifa hahamishwi wala harudishwi.

Tena tusichague wazee wanaotupendeza peke yao. Tumwulize aliyeingia msituni, na aliyebaki kijijini akipeleka chakula usiku. Tumwulize hata aliyekuwa askari wa mkoloni, ikiwa atakubali kusema, maana naye ni wa mji. Lexington ilihitaji watu wa kuvaa makoti mekundu ili mchezo ukamilike. Hasa tumwulize mama, kwa sababu mara nyingi yeye huwa ndiye Estabrook wetu: alikuwepo, aliumia, na jina lake halikuandikwa.

Kazi ya kufanya ni hii. Likizo ijayo, kila mwanachama achukue daftari moja la kurasa 32. Aende kwa babu, nyanya, au jirani mzee. Amwamkie kwa adabu, akae chini, asikimbilie maswali. Aandike jina la mzee, mahali, mwaka kama anaukumbuka, na maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni kwa lugha ya mama. Tafsiri itakuja baadaye. Kama mzee hataki jambo fulani liandikwe, liheshimiwe. Madaftari yakirudi shuleni, tuyaweke maktabani, na tamasha za drama zikija tusihangaike kutafuta mchezo. Tutakuwa nao.

Kwa leo naweka kalamu chini. Aprili ijayo ukiwaona wanariadha wetu wakipanda vilima vya Boston, ukumbuke ngoma ya Lexington na bega la Prince Estabrook. Kisha ujiulize ngoma ya mji wako ilipigwa wapi, na ni nani bado anaikumbuka sauti yake.

MSAMIATI

Turathi: mambo ya thamani yaliyoachwa na vizazi vilivyotangulia.
Mlowezi: mtu aliyehamia nchi ya wengine akafanya makazi ya kudumu.
Wanamgambo: raia waliofunzwa kupigana wakati wa haja, wasio askari wa kudumu.
Baruti: unga unaolipuka, hutumiwa katika bunduki na mizinga.
Kuenzi: kutunza kwa heshima na mapenzi.
Handaki: shimo refu lililochimbwa kwa ajili ya ulinzi au vita.
Mapokeo: habari zinazopitishwa kwa mdomo kutoka kizazi hadi kizazi.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kwa nini marathoni ya Boston hukimbiwa siku ya Jumatatu?
2. Eleza tofauti kati ya maana ya neno "walowezi" katika historia ya Kenya na katika kisa cha Lexington.
3. Taja njia nne ambazo wenyeji wa Lexington wametumia kuhifadhi urithi wao. Ipi inaweza kufanywa na shule yetu bila gharama kubwa?
4. "Prince Estabrook alipigania uhuru usio wake." Jadili.
5. Tumia methali hizi katika sentensi zinazohusu historia ya mji wako: (a) Haba na haba hujaza kibaba. (b) Mwiga tembo hupasuka msamba.
6. Andika insha ya ukurasa mmoja na nusu juu ya jengo, mti au mahali katika mji wenu ambapo hapafai kusahauliwa.